Namba Zinazoanza na Tisa

Nyumbani, 4 Februari

Kitinda wangu,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini ungekuwa mbele yangu ungeniamkia, kwa hiyo naitikia kabisa. Mimi mzima, cherehani nayo nzima isipokuwa mkanda wake unateleza. Wasiwasi ni kwako wewe uliye mbali.

Barua yako nimeisoma kimya nikashindwa, nikaisoma kwa sauti nikaambulia nusu. Unasema maktaba imenunua programu ya kompyuta ya kuvitunza vitabu na watu wanaoviazima, na wewe ndiye umepewa kazi ya kuchagua ile mistari myeusi ya kubandika. Nikachukua karatasi ya sabuni nikaitazama, kweli, mistari hiyo hapo. Sasa nitoe hofu, mwanangu. Sabuni ina mistari kwa sababu inauzwa. Je, vitabu vinauzwa? Vikiisha kuuzwa wewe utalinda rafu tupu? Kazi yenyewe hawajakuthibitisha bado, na mimi nikiliwaza hilo nashona mkono wa shati mahali pa kola. Usicheke. Mama yako darasa la tatu aliliona kwa kulichungulia dirishani.

Jumapili nilikwenda kumwona kaka yako. Amekonda, ila utani haujamtoka. Anasema lile kasha la vitabu la maktaba yenu limeanza kufika huko gerezani, na kuna kitabu cha injini amekisoma mpaka sasa kitabu ndicho kinamsoma yeye. Nilimwambia, "Dada yako anakusalimu sana." Hukunituma, lakini nilijua umesahau tu kwa shughuli.

Kula vizuri. Chai si chakula.

Mama yako

*

Maktaba, 15 Februari

Shikamoo mama,

Vitabu haviuzwi, lala usingizi. Ile mistari inaitwa msimbopau, nayo ni namba tu iliyochorwa ili mashine iisome. Kila kitabu kina namba yake, kila mwazimaji ana namba yake kwenye kadi. Msaidizi anapitisha kimashine juu ya kadi, kinalia. Anapitisha juu ya kitabu, kinalia tena. Tayari programu inajua nani amechukua nini. Hakuna kuandika.

Kuchagua ndiko kuna kazi. Tungeweza kuchapa lebo wenyewe hapa ofisini, lakini zinafutika kwa jasho la mikono. Nimechagua za kiwandani zenye utando wa plastiki, na nimesema zibandikwe nje ya jalada, nyuma, ili msaidizi asihangaike kufungua kitabu. Hayo mkuu wa maktaba ameyakubali bila neno. Tulipokwama ni kwenye namba zenyewe.

Mimi nataka namba bubu, mama. Zifuatane tu kama watu kwenye foleni, zisiseme kitabu ni cha wapi wala mtu ni nani. Habari kama hizo zikae ndani ya programu, kwa sababu huko zinaweza kubadilishwa. Kilichochapwa kwenye plastiki hakibadiliki. Mkuu anataka vitabu na kadi za gerezani zianze na tisa, ili mtu azitambue kwa macho. Ananiuliza kwa nini nakataa. Nimemwambia vitabu huhama kutoka kasha hili kwenda lile. Anasema hiyo si sababu ya kukunja uso. Sababu nyingine ninayo, lakini si ya kusemea ofisini.

Nakuomba kitu kimoja. Barua zako zinapitia kwa karani, na mara nyingine hufunguliwa pamoja na za ofisi. Ya nyumbani tuyaache nyumbani.

Mwanao,
Kitinda

*

Nyumbani, 1 Machi

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Maktaba,

Salamu nyingi. Mimi ni mama yake yule binti wa mistari. Samahani kwa mwandiko, mkono wangu umezoea mkasi kuliko kalamu.

Nimesikia kwamba wewe na binti yangu mmetofautiana kidogo juu ya namba. Nakuomba umvumilie. Tangu utotoni akikataa kitu hasemi sababu, anakunja uso tu, na mimi niliyemzaa ilinibidi nikisie. Lakini ni mwaminifu na hana makuu. Tafadhali jambo hili lisije likaharibu kuthibitishwa kwake.

Pia nataka kukushukuru kwa mdomo wangu mwenyewe. Mwanangu mkubwa, kaka yake huyo binti, yuko katika gereza mnalopeleka kasha. Alikuwa dereva wa lori. Vitabu vyenu vimemrudishia uso. Mungu akuzidishie.

Nami nichangie wazo, ukiona halifai litupe. Mimi nashona na kurekebisha shuka na nguo za watu. Za nyumba moja zisichanganyike na za nyingine, nazitia uzi mwekundu pembeni. Hata nikiwa nimechoka naona kwa mbali: hizi za fulani. Basi na vile vya gerezani vitieni alama yake, visije vikapotelea mjini, wenzetu kule gerezani wakakosa. Nadhani binti yangu hakulifikiria hilo.

Ni mimi,
Mama Mshonaji

*

Ofisi ya Mkuu wa Maktaba, 10 Machi

Mama yetu mpendwa,

Nimepokea barua yako kwa heshima kubwa. Ni mara chache ofisi hii huandikiwa shukrani. Tumezoea malalamiko ya feni.

Wazo lako la uzi mwekundu nililisoma mbele ya kamati, na wajumbe walilipenda mara moja. Tumekwisha kuagiza lebo. Vitabu vya kasha la gerezani vitaanza na tisa, na kadi za wasomaji wa huko vilevile. Kadi hizo ni za kudumu: mwanao akitoka ataendelea kuitumia yake hapa mjini bila kujiandikisha upya. Binti yako hakumaliza kikao hicho. Aliomba ruhusa akatoka.

Mama, niwie radhi kwa jambo moja. Nilishangaa kusoma habari za mwanao mkubwa. Binti yako alipoanza kazi hapa, wenzake walimuuliza kuhusu nduguze, naye alisema alikuwa na kaka mmoja ambaye amefariki. Tulimpa pole. Huenda unao wana wawili, na mimi ndiye niliyechanganya.

Wako katika kazi,
Mkuu wa Maktaba

*

Nyumbani, 14 Machi

Kitinda,

Mkuu wako ameniandikia. Ananiuliza kama nina wana wawili.

Mwanangu, ulimzika lini? Ulimzikia wapi, na mimi nilikuwa wapi siku hiyo?

Mama

*

Maktaba, 2 Aprili

Shikamoo mama,

Nimeanza barua hii nikaichana, nikaanza tena. Usione kimya ukadhani ni kiburi.

Ilikuwa siku yangu ya kwanza. Tulikuwa tunakunywa chai, mmoja akauliza, "Na wewe kwenu mko wangapi?" Nikajibu, "Nilikuwa na kaka." Kinywa kilisema hivyo chenyewe. Akauliza, "Alifariki?" Nikanyamaza. Walichukua ukimya wangu wakaufanya jibu, na mimi nikawaachia. Waliniletea pole na biskuti, mama. Nilizila zote.

Unajua si jela inayonishinda. Angekuwa amemgonga yule mtu kwa bahati mbaya akasimama, ningemtaja kila mahali. Alikimbia. Alimwacha mtu barabarani usiku, akaenda kuosha lori. Kila nikijaribu kumwandikia, nafika hapo kalamu inasimama. Salamu unazompelekea kwa jina langu, nilijua unazipeleka. Sikukukataza kwa sababu nilifurahi kuwa kuna mtu anazituma.

Sasa kuhusu tisa. Mimi ningemwambia mkuu kweli, tungeshinda: namba ikisema ulikotoka, hutoki. Lakini ningesemaje hivyo bila kumfufua kaka mezani? Nikakunja uso tu. Barua yako ikaingia mlangoni kabla yangu. Sikulaumu, mama. Kidogo nakulaumu. Mkuu ananitazama sasa kana kwamba nilitaka kuficha gereza lote kwa ajili yangu, na wenzangu hawanikaribishi tena chai.

Lebo zimefika. Ni nzuri, hazibanduki. Nilizichagua mwenyewe.

Mwanao

*

Gerezani, 20 Mei

Shikamoo mama yangu,

Salamu kwako, na salamu pia kwa afande anayeisoma barua hii kabla yako. Afande, hapo juu ni "shikamoo," si "nitoroke."

Mimi sijambo. Mwezi wa saba ukifika katikati nitakuwa nje, wamenithibitishia. Nitapitia mjini kwanza nina jambo dogo, halafu nije nyumbani nikutengenezee huo mkanda wa cherehani unaoulilia kila barua.

Tumepewa kadi za maktaba. Zinang'aa, zina mistari na namba. Tulifurahi, tukazilinganisha. Zote tisa, tisa, tisa. Hatukujali. Lakini kuna mwenzetu tunamwita Fundi Viatu, yeye ametoka mwezi uliopita. Alikwenda maktaba ya mjini na kadi yake, akachagua kitabu, akasimama foleni kama watu. Msaidizi alipoiona kadi hakuipitisha hata kwenye mashine. Akamwambia, "Wewe somea humu humu." Nyuma yake watu wakasogeza mikoba. Ameandika kwamba hakuna sheria iliyobandikwa ukutani. Macho tu.

Mama, mimi kosa langu nalijua, nalibeba, sitaki mtu anipunguzie. Yule niliyemwacha barabarani naamka naye. Lakini siku nikifungua mlango wa maktaba nilitaka kuwa mtu aliyekuja kuazima kitabu, basi. Sijui nani alibuni hii tisa. Siku moja ningependa kumwona uso.

Msalimie dada. Mwambie salamu zake huwa zinafika, ingawa zote zina maneno yako.

Dereva wako

*

Nyumbani, 28 Mei

Kitinda wangu,

Nakuwekea humu barua ya kaka yako. Isome mpaka mwisho, hasa mwisho. Alijua siku zote.

Anataka kumwona uso aliyebuni tisa. Mkuu ndiye aliyeianza, lakini uzi wangu ndio ulioipitisha; uso huo nautazama kwenye kioo kila asubuhi. Nilidhani nawatengenezea, kumbe nimewashonea alama mgongoni. Na wewe ulinieleza vizuri kabisa, namba bubu, namba bubu, mimi nikasikia kwa sikio la shuka.

Zibandue hizo lebo. Tumia maji ya moto na mvuke, mimi hivyo ndivyo ninavyotoa viraka vya gundi. Kama haiwezekani niambie haiwezekani, lakini usinyamaze. Wewe ukinyamaza watu wanafanya jibu.

Na uwe kwenye dirisha la kuazimia siku atakayokuja. Nadhani hilo ndilo jambo lake dogo.

Mama yako

*

Maktaba, 16 Julai

Shikamoo mama,

Lebo hazibanduki. Nilijaribu mvuke kwenye kitabu kimoja, jalada likaja nalo. Programu yenyewe haina neno, kwake tisa ni namba kama namba nyingine. Waliojifunza kuisoma ni watu wa dirishani.

Jana alikuja. Nilikuwa dirishani na msaidizi wangu, foleni ndefu. Nilimwona akiwa nyuma ya mzee mmoja mstaafu ambaye huja kila siku kusoma magazeti. Amevaa lile shati lako la mistari, limekuwa kubwa. Nikajifanya natafuta kalamu. Alipofika mbele hakuniita jina. Alisema, "Habari ya kazi, bibi. Naomba kuazima hiki." Bibi, mama! Kaka yangu aliyenifunza kuendesha baiskeli. Akaweka kadi juu ya meza kifudifudi, mistari chini. Nikaelewa. Alikuja kuniona tu, na kunisaidia nisimjue.

Msaidizi akaigeuza. "Tisa hiyo. Asomee humu humu."

Nikasema, "Huyu ni kaka yangu."

Msaidizi akasema, "Si ulituambia—"

"Niliwaambia amekufa. Niliwadanganya."

Ukumbi ule unavyopenda kukohoa, jana haukukohoa. Ndipo kaka akasogeza kitabu mbele kidogo akasema, "Basi, dada, marehemu anaomba kitabu cha injini."

Nilicheka mama, nikalia, vyote kwa pua moja. Nikapitisha kadi, ikalia. Nikapitisha kitabu, kikalia. Nikampa.

Kisha nikafungua droo. Kadi za tisa zimejaa humo. Waliagiza nyingi kuliko wafungwa. Nikachukua moja, nikajiandikisha mwenyewe. Programu haikuuliza kitu. Yule mzee wa magazeti alikuwa amesimama pembeni, akaniuliza ninafanya nini. Nikamwambia kweli: hizi zilitengwa kwa watu wa gerezani ili wajulikane, na mimi nataka zisijulikane tena. Akaitazama kadi, akamtazama kaka, akauliza, "Inaazimisha?"

"Inaazimisha, mzee."

"Basi lete. Yangu imevunjika pembe."

Nyuma yake mwanamke mwenye mtoto mgongoni akataka. Halafu wanafunzi, hao walitaka kwa sababu wengine wametaka. Wapo waliokataa, mmoja alitoka kabisa na hakuaga. Sikuwalazimisha. Niligawa mpaka mkuu akashuka ngazi.

Alisimama akatazama droo. Hakupaza sauti. Alisema, "Utaniletea maelezo kwa maandishi," akapanda. Leo asubuhi nimepewa barua: uthibitisho wangu umesimamishwa hadi kamati ikae. Msaidizi hazungumzi nami. Lakini alipokuja mtu na kadi ya tisa leo alimtazama usoni, akakosa la kusoma, akaipitisha kwenye mashine.

Kaka amepanda gari la jioni. Hatukuongea mengi. Nilimuuliza kwa nini alikimbia siku ile. Alisema, "Sina jibu zuri, na baya unalijua." Sijamsamehe lote. Nimemwambia hivyo. Amesema atangoja.

Mwanao,
Kitinda

*

Nyumbani, 21 Julai

Kitinda wangu,

Marahaba, safari hii umeniamkia kweli. Kaka yako amefika. Amelala, ameamka, amekula, amelala tena. Kitabu cha injini kiko juu ya cherehani, naogopa kukigusa kwa mafuta.

Nilimwambia. Sikungoja anitafute huo uso. Alikuwa amepiga magoti anafunga mkanda wa cherehani, nikasema, "Aliyebuni tisa ni mimi." Hakugeuka. Akaendelea kufunga, mimi nimesimama na shuka la mtu mkononi kama mwizi. Mkanda uliposhika akazungusha gurudumu, akalisikiliza, kisha akauliza, "Mama, ule uzi mwekundu, ukimaliza kazi unaufanya nini?"

Nikasema, "Nautoa. Siwezi kumrudishia mwenyewe shuka lenye uzi wangu."

Akasema, "Hilo la kuutoa hukuwaandikia."

Kweli mwanangu, sikuwaandikia. Nilidhani kila mtu anajua. Nimemwandikia mkuu leo mistari michache, nimemweleza hilo la kuutoa, na kwamba wewe ulichofanya dirishani ni kutoa uzi tu. Sijamsihi juu ya kazi yako. Nilitaka sana kumsihi, nikajizuia. Wakikufukuza, chumba chako kipo na kazi ya vifungo ipo, japo vifungo hukuwahi kuviweza.

Naogopa kwa ajili yako. Hilo halitatoka, nimezaliwa nalo. Lakini nina ombi. Kama droo haijafungwa, niandikishe na mimi. Jina langu unalijua, kazi andika mshonaji. Vitabu vyenu sijui kama nitaviweza, kaka yako anasema ataanza kunisomea kile cha injini, nami nimemwambia hata hicho sawa.

Kadi yangu iwe ya tisa.

Mama yako